Star Trek ya zamani ya kina Kirk na Spock: wageni waanze na episodi ipi? Mi nasema ya Horta

FundiMikindani ameandika:

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Mi nipo Mikindani, ni fundi redio na tv, na Jumamosi usiku umeme ukiwepo huwa natoa projekta nje naangazia ukutani vijana wa mtaani na watoto wa dada zangu wanakuja tunaangalia muvi, wamezoea za ngumi na zile zilizotafsiriwa za kwenye vibanda. Sasa safari hii nataka niwaoneshe Star Trek, sio hizi mpya, ile yenyewe ya mwanzo ya Gene Roddenberry, ya chombo cha angani Enterprise, nahodha Kirk na msaidizi wake Spock wa sayari ya Vulcan, iliyoanza kurushwa na NBC kule Marekani Septemba 8, 1966 ikaisha Juni 3, 1969. Sizoni tatu, episodi 79. Zote haiwezekani kwahiyo nachagua tano, moja kila Jumamosi, na kichwa kinaniuma kwenye ile ya kwanza maana wakiboreka siku ya kwanza hawarudi, nawajua.

Ukiuliza mtu yeyote mpenzi wa hii sirizi anakwambia anza na The City on the Edge of Forever, ndo bora kuliko zote, ilipata tuzo ya Hugo ya hadithi za kisayansi 1968 na kadhalika. Mi siibishii ubora wake hata kidogo. Ila kuanza nayo nakataa, na sababu yangu ni hii: ile inakuumiza pale tu ambapo tayari unampenda Kirk na unamjua Spock. Mtu ambaye hawajui ataona jamaa wawili wamerudi New York ya mwaka 1930 wamevaa kofia, kuna dada anagawa supu kwa maskini, halafu dada anagongwa na gari basi. Haitamuingia. Yaani yule Edith Keeler wa Joan Collins unatakiwa umuone ukiwa tayari umekaa na Kirk siku nyingi ndo uelewe anachopoteza pale anapomzuia Daktari McCoy asimuokoe.

Mi nataka nianze na The Devil in the Dark, ya Machi 1967, ameandika Gene L. Coon.

Kwa ambaye hajaiona: kuna sayari ya wachimba madini inaitwa Janus VI, wanachimba kitu kinaitwa pergium, na kule chini kwenye mashimo kuna kitu kinaua watu, kinawaunguza wanabaki weusi tii. Wameshakufa kama 50. Wanaitwa kina Kirk waje wakiue. Mpaka hapo ni muvi ya kibandani kabisa, stelingi kaja, adui yupo gizani, watu wanasubiri apigwe. Halafu inageuka. Hicho kitu ni kiumbe wa mawe, Horta, anatembea ndani ya mwamba anavyotaka, na ukimwona wala hatishi sana, yupo kama ukoko wa wali uliopinduliwa sufuria. Wale wachimbaji walikuwa wamefungua handaki jipya wakakuta mawe ya mviringo maelfu kwa maelfu, wanayaona takataka wanayavunja. Ni mayai. Horta ni mama na kila baada ya miaka 50,000 wenzake wote wanakufa anabaki mmoja tu wa kulinda mayai ya kizazi kizima.

Kuna sehemu moja naomba kila mtu aitazame kwa makini. Mwanzoni Spock ndo anayesita, anasema huyu kiumbe huenda ni wa mwisho wa aina yake tusimuue, Kirk anasema hapana auawe. Baadae handaki linaporomoka, Kirk anabaki peke yake na Horta uso kwa uso, na Spock akisikia hivyo kwenye kile kiredio anasahau yote aliyosema, anamhimiza muue haraka. Kirk ana bunduki mkononi na mnyama kaumia yuko mbele yake. Anamwangalia. Anaona akinyanyua bunduki Horta anarudi nyuma, akiishusha anasogea. Basi Kirk anakaa chini! Anakaa kabisa kwenye udongo, anaanza kumuongelesha. Hakuna muziki mkubwa wala nini, mwanaume kakaa tu chini mbele ya kitu kilichoua watu hamsini. Mi kwangu hapo ndo Star Trek nzima, ukimwonesha mtu hiyo sehemu tu ameshajua hii sirizi inataka nini, na ndo mana nataka iwe ya kwanza, nataka vijana wangu waliozoea adui lazima afe wamuone stelingi anakaa chini.

Tano zangu kwa sasa: The Devil in the Dark, Arena, Balance of Terror, The Trouble with Tribbles, halafu The City ya mwisho. Nipeni mawazo, nitoe ipi niweke ipi. Na nyingine, nitafsiri nikiwa naongea juu ya sauti au vipi?

---

Kijana_wa_Chuno ameandika:

Bro mi nakupa ukweli, picha za 1966 vijana watacheka. Arena yule Gorn ni mtu kavaa gauni na kichwa cha mjusi, anatembea taratibu kama mgonjwa. Mi niliiangalia kwa simu nikaizima. Weka mpya zenye efekti.

---

FundiMikindani ameandika:

Mdogo wangu karibu Jumamosi uje uimalizie, usizime kabla ya mwisho, Arena utamu wake uko dakika kumi za mwisho.

Watacheka ndio, waache wacheke, wale watu walikuwa wanatengeneza episodi moja kwa siku sita au saba kwa hela ndogo. Hata ile transpota ya kuwayeyusha watu huku wakatokee kule waliibuni kwasababu kushusha chombo kizima kwenye sayari kila wiki kungemaliza bajeti. Angalia walichofanya na kidogo walichokuwa nacho. Horta ni jamaa mmoja anaitwa Janos Prohaska, alimtengeneza mwenyewe halafu anaingia ndani anatambaa nae, na bado Spock akiweka mikono juu yake kumsoma akili akapiga kelele za maumivu ya yule mama we unasahau kuna mtu ndani.

Na kwenye Arena, Kirk hana silaha, yupo jangwani na yule Gorn mwenye nguvu kuliko yeye mara nyingi, anaokota kiberiti cha njano kwenye mwamba, makaa, chumvi ya baruti, anasaga, anajaza kwenye bomba la mti mithili ya mwanzi na almasi ndo risasi. Ametengeneza gobole! Niambie kijana gani wa huku kusini ataboreka kuona mtu anatengeneza gobole kutoka kwenye mawe. Halafu akishampata Gorn chini na jiwe lenye ncha liko shingoni, anakataa kumuua, sababu njiani ameshaambiwa kwamba wale Gorn wanaona sisi ndo tuliovamia ardhi yao tukajenga kituo bila kuuliza. Umeona inavyofatana na Horta? Ndo mana nimezipanga hivyo.

---

BintiNewala ameandika:

Kaka Fundi hongera kwa wazo, natamani ningekuwa karibu.

Kwanza Balance of Terror ibaki na ikiwezekana iwe ya pili kabla ya Arena. Ile ni ya vyombo viwili kuwindana, kimoja hakionekani, kila mmoja anakisia mwenzake atageuka wapi, inafika mahali chombo kizima wanazima kila kitu wanakaa kimya wanaongea kwa kunong'ona. Imetokana na hadithi za manowari za chini ya bahari za vita kuu ya pili na inaonekana kabisa. Kamanda wa Romulan, wale maadui wenye chombo kisichoonekana, ni Mark Lenard, huyuhuyu ambaye baadae kwenye Journey to Babel anakuwa Sarek baba yake Spock. Na kinachonigusa ni kwamba tunampenda. Amechoka na vita, ana rafiki yake mzee ndani ya chombo anamfia mikononi, na mwisho anamwambia Kirk kwenye skrini kwamba mimi na wewe ni watu wa aina moja na mahali pengine ningekuita rafiki, halafu analipua chombo chake mwenyewe maana wajibu wake ndo unavyomtaka.

Afu kuna yule Stiles, mwanajeshi ndani ya Enterprise ambaye ukoo wao uliuliwa na Waromulan zamani, akigundua Waromulan wana masikio marefu kama ya Spock anaanza kumchukia Spock hapohapo na mtu kafanya nae kazi siku zote. Hii vijana waione, wala huhitaji kueleza chochote.

La pili, na hapa najua nitabishiwa, toa Tribbles weka Amok Time. Najua watu wanaipenda kwasababu Spock anapatwa na ile hali ya kuoa inamchanganya akili anarudi kwao Vulcan, wanapigana na Kirk kwenye mchanga na ule muziki maarufu. Mi naiongelea kwa ajili ya T'Pring. Watu wote wanamwita mwanamke mbaya, katili, kawagonganisha marafiki wawili. Mtu asome upya hiyo habari. Alifungwa na Spock wakiwa na miaka SABA. Miaka saba! Hakuna aliyemuuliza. Amekua, mchumba yuko angani kawa maarufu, yeye moyo wake uko kwa mwingine, Stonn, na sheria ya kwao inampa njia moja tu ya kukataa, kuchagua mtu apigane na mchumba wake. Akamchagua Kirk kwa hesabu: Kirk akishinda hatamtaka, Spock akishinda atamwacha kwasababu ya alichothubutu kufanya, vyovyote vile anabaki na Stonn. Spock mwenyewe anasikia maelezo yake anakiri kwamba hana dosari kwenye hoja. Mi nimekulia sehemu ambazo mabinti wanasemewa wakiwa wadogo na nikimuona T'Pring kasimama pale haongei, kila mtu anamwamulia, halafu ndani ya ile sheria yao wenyewe akapata mlango wa kutokea, nampigia makofi. Ameiandika Theodore Sturgeon na sijui kama alimfikiria hivyo lakini ndivyo alivyomwandika.

---

Ticha_Masasi ameandika:

Naomba msiiguse Tribbles jamani. Nafundisha hesabu na ile episodi nimeitumia darasani. Tribble, kile kidude kidogo cha manyoya, mmoja anazaa kumi, kila baada ya saa 12, kwa siku tatu. Spock anataja jibu papo hapo: 1,771,561. Wanafunzi wangu walikataa wakasema ametaja tu namba ya muvi, nikawaambia fanyeni. Mmoja na watoto kumi ni kumi na moja, kila kipindi unazidisha kwa 11, siku tatu ni vipindi sita, kwahiyo 11 kwa kipeo cha 6. Inatoka sawasawa mpaka namba ya mwisho. Aliyeandika, David Gerrold, ndo kwanza alikuwa kijana mdogo na aliifanya hesabu yake vizuri, hilo naliheshimu sana.

Na ghala la nafaka kujaa vile vidude, Kirk anafungua mlango wa juu vinammwagikia mpaka kifuani, huku kwetu watu wanaokaa na maghala ya korosho wataelewa hasara ile bila kuambiwa. Halafu ndo inagundulika vimekufa kwasababu nafaka imetiwa sumu na yule jasusi wa Klingon, maadui wengine wa kina Kirk. Sio ya kitoto kama watu wanavyosema.

---

Mliwale ameandika:

Nimeingia kwasababu ya Horta. Mkuu Fundi umeielezea vizuri ila umewapita wale wachimbaji harakaharaka na mimi naomba niwasemee.

Mi natoka Liwale. Huku kwetu na kwa jirani zetu Nachingwea tembo wakitoka porini wakaingia shamba usiku mmoja mwaka wako umeisha, na kuna watu wamekufa. Kaa kwenye mkutano wa kijiji asubuhi yake ndo utamwelewa yule Vanderberg mkuu wa mgodi. Yule sio mtu mbaya. Amezika watu wake. Anaposimama na wenzake wamebeba marungu wanataka kummaliza Horta na Kirk anawaambia atakayepiga nampiga mimi, yule mzee anauliza huyu kaua watu wangu hamsini, na swali lake ni la haki kabisa. Nimeona muvi nyingi za wanyama ambapo mwanakijiji ndo jinga na mgeni kutoka mbali ndo mwenye huruma, hizo zinanikera sana. Hii haikufanya hivyo. Wanamwambia ukweli kwamba na nyie mmeua watoto wake maelfu, na uso wake unabadilika, hakujua, kweli hakujua kwamba yale mawe ni mayai.

Na mwisho wake haukuishia kwenye kuhurumiana tu, waliongea mambo ya kazi. Horta na watoto wake watatoboa mahandaki maana ndo wanavyoishi, wachimbaji watafuata nyuma wachukue madini, kila mtu abaki na chake. Yaani kuna makubaliano yanayomlisha kila upande. Huku kwetu tunaimbiwa kuwapenda tembo kila siku lakini fidia inachelewa na shamba limeshaliwa. Ndo mana hii episodi nikimuonesha mtu yeyote wa kijijini anakaa mpaka mwisho, haijamdharau.

Kwahiyo ukiionesha usiwaambie vijana mapema kwamba Horta ni mama. Waache wawe upande wa wachimbaji kwanza.

---

FundiMikindani ameandika:

Mliwale asante sana, hili umenifungua. Nilikuwa nimepanga kuwapa utangulizi kidogo kabla ya kuanza, sasa sitawapa. Wataingia na marungu yao.

---

BahariaMstaafu_Lindi ameandika:

Vijana hamjambo. Mimi ni mzee sasa nipo Lindi, nilikuwa baharia kwenye meli za mizigo. Star Trek niliiona kwenye bandari za watu, marudio, maana wakati huo sisi huku bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Lugha nilikuwa napata nusu.

Sijaona mtu ametaja The Doomsday Machine nikashangaa. Ile ya mashine kubwa inayokula sayari. Mashine yenyewe siitaki, namtaka Komodoo Decker, amecheza William Windom. Wanaikuta meli yake Constellation imekufa inaelea, ndani yuko yeye mmoja tu, amekaa mezani ameganda. Wanamuuliza watu wako wako wapi. Anasema aliwashusha wote kwenye sayari ya tatu wajiokoe, yeye akabaki kama nahodha anavyotakiwa kubaki. Kirk anamwambia lakini hakuna sayari ya tatu. Na yule mzee anavunjika pale, analia, anamwambia unadhani sijui? Ilikuwepo. Sasa haipo.

Nimekaa baharini na manahodha wa kila aina. Nahodha anafanya kila kitu sawa, anafuata sheria ya bahari, watu wake wanashuka kwanza yeye mwisho, na kwa kufanya sawa ndio anawapoteza wote na yeye anabaki hai. Hakuna adhabu kubwa kama hiyo. Sikuhitaji Kiingereza pale, niliuona uso wake tu. Baadae anachukua usukani wa Enterprise kwa cheo chake, anataka kuipeleka kwenye mdomo wa ile mashine, na Spock anamvua madaraka kwa amri ya Kirk bila kumvunjia heshima. Ukiangalia Spock anavyoongea nae pale utajifunza namna ya kumkatalia mkubwa aliyekosea. Mwisho anaiba chombo kidogo anaingia nacho mwenyewe ndani ya mashine, anakufa, lakini kifo chake kinawaonesha wenzake kwamba ikilipuliwa kutokea ndani inaweza kuzimika, na Kirk anaimaliza kwa mzoga wa ileile Constellation.

Fundi nakuomba uiweke. Wazee pia wataipenda, usilete vijana peke yao.

---

BintiNewala ameandika:

Shikamoo mzee. Umenikumbusha na nimeona aibu kuisahau. Nakubali iingie, hata kama Amok Time itasubiri.

---

DadaShangani ameandika:

Mimi nachangia kitu kimoja. Kabla ya episodi yenyewe siku ya kwanza, waoneshe kipande kifupi cha The Man Trap, ndo ya kwanza kabisa kurushwa 1966. Kuna kile kiumbe kinachofyonza chumvi kwenye miili ya watu na kinajigeuza kuwa mtu unayetamani kumuona. Kikikutana na Uhura, yule dada mweusi afisa wa mawasiliano wa Enterprise, kinajigeuza kijana mweusi kinamsemesha Kiswahili, na yeye anajibu. Na kwenye The Changeling akishafutwa kumbukumbu anafundishwa upya kusoma, anakwama, anaanza kuongea Kiswahili. Lafudhi ni ya kwao lakini vijana wa Mikindani watajisikia.

Nichelle Nichols aliyecheza Uhura alitaka kuacha baada ya sizoni ya kwanza, amesimulia mwenyewe mara nyingi kwamba Martin Luther King Jr ndo alimwambia asiache, kwamba watoto weusi wanamuona pale kwenye chumba cha kuongozea chombo akiwa afisa na sio mtumishi wa ndani. Ningependa na mabinti waje hiyo Jumamosi, sio kibanda cha wavulana tu.

---

Kijana_wa_Chuno ameandika:

Sawa nitakuja. Ila niulize, hiyo sizoni ya tatu mbona kila mtu anaisema vibaya? Niliona Spock's Brain wanamuiba ubongo.

---

FundiMikindani ameandika:

Ya tatu ilinyimwa hela na ikahamishiwa Ijumaa saa nne usiku ambapo vijana wa kule hawapo nyumbani, na kabla ya hapo ilibidi mashabiki waandike barua kwa maelfu, Bjo Trimble na mume wake John ndo waliongoza, kuizuia NBC isiifute. Kwahiyo ilikuja ikiwa imechoka. Spock's Brain ndo iliyofungua hiyo sizoni na mi naiona dhaifu, sitaitetea. Lakini usiitupe yote. Let That Be Your Last Battlefield, Januari 1969, watu wawili nusu weusi nusu weupe usoni, wanachukiana kwasababu mmoja weusi uko kulia mwingine kushoto. Kirk anashangaa haoni tofauti mpaka Bele, mmoja wao, amuelekeze. Wanafika sayari yao Cheron wanakuta watu wote wameshamalizana, miji imeteketea, na wale wawili wanashuka kuendelea kukimbizana kwenye maiti. Watu wanasema inaongea wazi mno, inahubiri. Mi nasema 1969 Dr King ndo ameuawa mwaka uliopita tu, walikuwa na haki ya kuongea wazi.

Sasa narudi kwenye ratiba. Nimesoma zote na nimeamua hivi. Ya kwanza Horta, bila utangulizi, ila kipande cha Uhura kitatangulia kama alivyosema dada. Ya pili Balance of Terror, BintiNewala umenishinda, Romulan anaingia vizuri baada ya Horta maana sasa adui ana uso na ana heshima na bado inabidi wapigane, isionekane kwamba kila kitu kinaisha kwa kukaa chini. Ya tatu Arena na gobole. Ya nne The Doomsday Machine ya mzee wetu. Ya tano The City.

Na kwenye The City mi nina sehemu yangu ambayo sijawahi kuona mtu akiisema sana. Spock amekwama 1930, anahitaji kusoma kumbukumbu za ile mashine yake ya mkononi na hana kifaa chochote. Anaanza kujenga kompyuta chumbani kwa kutumia vali za redio na nyaya, anamuomba Kirk amletee platinamu na hela yao ni ya kibarua cha kufagia. Chumba kizima kimejaa nyaya zinazoning'inia, vali zinawaka, zinaungua, anaanza upya. Nimeanza kazi kwa kufungua redio za zamani za marehemu mjomba zilizokuwa na vali hizohizo, najua zinavyopata joto na najua harufu yake zikiungua. Na kwenye hicho kifaa alichounga kwa shida ndipo anaona kwamba Edith lazima afe, kwamba akiishi amani yake itaichelewesha Marekani kuingia vitani na Wajerumani watashinda. Harlan Ellison alikasirika miaka mingi kwamba skripti yake ilibadilishwa, na ile yake halisi nayo ilipewa tuzo na chama cha waandishi, lakini hiyo ya vali mi naipenda ilivyo.

Ticha samahani Tribbles imeteleza, ila nitaiweka mchana siku ya watoto, na ukija na hesabu yako nakupa ukuta.

Bado sijajibiwa kuhusu kutafsiri.

---

Mliwale ameandika:

Usiongee juu ya sauti mwanzo mwisho. Simamisha kila baada ya sini moja eleza kwa ufupi endelea. Ila Spock akiwa anaongea kwa niaba ya Horta usisimamishe, pale anapiga kelele za maumivu na hiyo haina haja ya tafsiri. Na yale maneno Horta anayounguza kwenye mwamba, NO KILL I, nayo watakuuliza, kwasababu hayajakaa vizuri hata kwa Kiingereza, inaweza kuwa anaomba asiuawe au anaahidi hataua. Kirk na Spock wenyewe wanajiuliza. Waachie wabishane.

---

BahariaMstaafu_Lindi ameandika:

Ya Decker ni Jumamosi ya nne, sivyo? Nitapanda gari la mchana kutoka Lindi, nina mwanangu Mtwara mjini nitalala kwake. Mniwekee kiti chenye mgongo, na sauti iwe juu, ule muziki wa mashine inavyokaribia ndio nusu ya kazi.

---

FundiMikindani ameandika:

Mzee kiti kipo, cha mama mwenyewe, na spika nimezifunga mpya. Nikishaona mgao wa umeme wa wiki hiyo umekaaje nitaandika hapahapa saa ya kuanza.